Shangazi avunja kibubu kwa kuogopa kukosa bumu!

Leo mniwie radhi, sina stori ya madisko wala ya nani kamwaga nani. Leo nina kesi ya kujibu mwenyewe, na kesi yenyewe ni ya mapesa.

Kama unatokea Bagamoyo kama mimi, unajua Julai ikifika kitaa kizima kinakuwa bodi ya mikopo. Kinyozi ni mtaalamu, muuza kahawa ni mtaalamu, konda wa basi la Makumbusho naye ana yake. Huyu anasema usiandike kwamba mama ana genge. Yule anasema picha ya pasipoti piga na shati lililochakaa. Mwingine eti simu kubwa ukienda nayo kujaza fomu umekwisha! Madogo waliomaliza form six wanasikiliza, macho yamewatoka.

Sasa nina shangazi yangu, mjane. Anakaanga samaki pale sokoni ufukweni. Saa kumi na moja alfajiri yuko mchangani anagombea vibua na wenzake, saa nne karai linachemka, jioni ananuka mafuta mpaka kwenye khanga. Mumewe alifariki 2015, akamwachia kijana mmoja. Kijana kasoma shule ya kata, akapasua, akaenda advansi ya serikali, mwaka 2023 akamaliza form six na pointi za kueleweka.

Shangazi si mtu wa maneno mengi, ila ni mtu wa kuweka. Alikuwa na hisa zake kwenye kikoba cha akina mama pale Dunda, na kidogo kingine benki. Jumla yake laki nane na nusu. Ukimuuliza ya nini, jibu ni moja: "Ya mwanangu kwenda chuo." Nyumba inavuja, anasema ya chuo. Jino linamuuma, anasema ya chuo.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na kiherehere changu.

Kuna dada mmoja wa mtaani kwetu yuko Houston, Marekani. Akatuma sauti kwenye simu, ikazunguka mpaka kwangu. Anasema, kule mtoto akiwa na hela benki kwa jina lake, msaada wa kusomea chuo unapungua. Mimi nikamsikilizisha shangazi, nikaongeza na chumvi kidogo: "Unaona? Hela ikionekana, mkopo unaota mbawa."

Na yule dada hakudanganya, msije mkamlaumu. Marekani kuna fomu inaitwa FAFSA, na fomu ile ina macho. Akiba ya mwanafunzi mwenyewe inapigiwa hesabu kwa asilimia 20. Akiwa na dola 1,000 zake, wanahesabu kwamba 200 anaweza kulipia chuo mwaka huo. Akiba ya wazazi haikamuliwi hivyo, haizidi asilimia 5.64, na nyumba wanayoishi haiguswi kabisa. Kwa hiyo hata huko mwenye akiba hafukuzwi, anapunguziwa kiasi tu. Lakini sauti ya dakika mbili haisemi yote hayo. Ilitoka Houston ikiwa sheria, ikafika Dunda ikiwa jini.

Shangazi akaenda kutoa zote. Akina mama wa kikoba wakamshangaa, katikati ya mzunguko mtu anachomoa hisa! Akazifunga kwenye kitambaa, akapanda bodaboda mpaka Mlingotini kwa kaka yake, yaani baba yangu mdogo. "Nitunzie mpaka mtoto apate mkopo wake."

Ba'mdogo ni mtu wa bahari. Mtu wa bahari kumpa laki nane na nusu akutunzie... haya, malizieni wenyewe. Hakuhonga, jamani, hakunywa. Alinunua mashine ya boti ya mtumba, akipiga hesabu kwamba mpaka Oktoba atakuwa kairudisha na faida juu. Mashine ikakohoa wiki tatu, ya nne ikanyamaza. Mpaka leo iko chini ya mnazi imefunikwa turubai.

Sisi huku hatuna habari. Siku ya kujaza fomu tukaenda na dogo kwenye kibanda cha intaneti pale Magomeni (Magomeni ya Bagamoyo, msije mkapanda gari la Kariakoo). Tulibeba bahasha ya vyeti. Ada ya maombi, Sh 30,000, ikalipwa. Yule binti wa kompyuta akaanza kudai kimoja kimoja: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba kilichohakikiwa na RITA, mdhamini na kitambulisho chake. Kama kuna ulemavu, fomu ya daktari. Kama kaya iko TASAF, namba yake. Kama kuna mtu au taasisi iliyokusomesha sekondari, barua.

Nikawa nasubiri aseme "taarifa ya akaunti ya mama". Wapi! Haikuwemo kwenye vya kuambatisha. Nikamuuliza kwa aibu, "Na akiba je?" Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya meli.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua Bodi ya Mikopo yetu inapima nini, angalia hiyo bahasha. Zamani hakukuwa na kupimana. Mtu akifaulu kwenda Mlimani serikali inabeba, mpaka uchangiaji ulipoanza miaka ya mwanzo ya 1990. Sheria ya Bodi ikapitishwa 2004, kazi ikaanza Julai 2005, na hapo ndipo likaja swali la nani muhitaji kuliko mwenzake. Wanaangalia yatima, mlemavu, mtoto wa kaya maskini. Wanaangalia mzazi anafanya kazi gani. Na wanaangalia ulisoma wapi na kwa ada ya shilingi ngapi.

Hapo kwenye ada ndipo penye utamu wenyewe. Mama aliyejibana akampeleka mtoto Inglishi midiamu mpaka akafilisika, karatasi inasema ana uwezo, wakati hana hata mia. Mama mwenye laki nane kwenye kitambaa, mtoto wake kasoma shule ya kata, karatasi inasema muhitaji. Pesa uliyokwisha kuitumia ndiyo inayoacha nyayo. Kama ni haki au si haki, mimi nina maoni yangu: anayekaanga samaki na kulipa ada ya milioni anastahili angalau kuulizwa aliipataje. Lakini huwezi kurudi nyuma ukamtoa mtoto shule aliyokwisha kumaliza. Na kudanganya kwenye fomu usithubutu, hiyo ni kujitafutia mahakama.

Kwa wale vichwa, kuna mlango mwingine kabisa. Tangu 2022/2023 kuna Samia Skolashipu kwa waliong'ara kwenye sayansi kidato cha sita. Pale wanataka matokeo, habari za mfukoni hawana.

Turudi kwa dogo. Oktoba majina yakatoka, na lake limo! Vigelegele mpaka barabarani. Shangazi akavaa khanga mpya, safari ya Mlingotini kuchukua mzigo wake. Alirudi saa mbili usiku bila mzigo, akakaa uani gizani, hataki taa.

Kasheshe ikaanzia hapo. Maana mkopo kutoka siyo hela kutoka, mshikaji! Lazima ufike chuoni, usajiliwe, usaini, ndipo bumu lishuke. Likishuka ni raha, hela ya chakula na malazi ni Sh 10,000 kwa siku tangu 2022/2023, kwa siku sitini unahesabu laki sita. Lakini kabla ya hapo kuna nauli, godoro, ndoo, bima ya afya, chumba, na tumbo ambalo halijui neno usajili. Na wako wanaopata sehemu tu ya ada, inayobaki wanaitafuta nyumbani. Kazi ya ile laki nane na nusu ilikuwa hii hapa, tena wiki hii hii.

Dogo akaenda Dar na begi na elfu arobaini niliyomkopea mimi. Alibebwa na mwana wa Kerege, kitanda kimoja watu wawili, mchana anakula mihogo, jioni anakunywa maji. Hakumwambia mama yake. Alinieleza mimi, nami nilistahili kuambiwa.

Bumu la kwanza liliposhuka alimtumia mama yake laki moja. Nikamkemea: "Hiyo ni deni, bwana, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara!" Shukuru tu kwamba ile asilimia 6 ya kutunza thamani ilifutwa 2021. Akanijibu, "Kaka, mama karudi kwenye kikoba, anaanza na hisa moja."

Ba'mdogo analipa kwa samaki. Kila Ijumaa ndoo moja, shangazi anaandika kwenye daftari na hacheki naye.

Mimi mwezi uliopita nilipita sokoni kula kibua. Shangazi akanifutia benchi, akaniletea na ndimu. Nilipomaliza akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu yako."

"Ya nini, shangazi?"

"Ile sauti ya Houston bado unayo? Nionyeshe pa kufutia."