Ndege wa Uani Nao Wahesabiwe

Mwulize mwanafunzi yeyote wa hapa Gakoromone kuhusu uraibu wake, naye atakujibu mbiombio: kandanda, muziki, sinema. Mimi nikisema wangu ni kutazama ndege, darasa zima huangua kicheko. "Ati ndege? Si hiyo ni kazi ya wazungu wenye darubini kule mbugani?" Wengine huniuliza kama nawatazama ili niwapige manati. Nimeona heri nitumie ukurasa huu wa jarida la chama chetu kuwajibu wote kwa pamoja, maana kumjibu mmoja mmoja kumenichosha.

Tuanze na hiyo darubini. Sina, na sijaihitaji. Nyuma ya nyumba yetu pana migomba minne, mpapai mmoja, mgrevilea mrefu na kichaka cha lantana kinachotutenganisha na jirani. Basi. Nikipindua karai na kuketi juu yake mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kushika njia ya shuleni, huona mambo ambayo wenzangu hulipia pesa kuyaona kwenye runinga. Shorewanda, yule mwenye kichwa cheusi na rangi ya njano chini ya mkia, ndiye huamka wa kwanza na kuwaamsha wengine kwa kelele. Chozi huja kwenye ua la mgomba na mdomo wake uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, akafyonza utamu na kutoweka. Kuzumburu, wale wenye mikia mirefu kama ya panya, huuvamia mpapai kwa kundi na kuacha papai likiwa ganda tupu. (Mama hawapendi hata kidogo, na simlaumu.) Huko juu ya soko naye mwewe huzunguka akimngoja mwuza nyama azubae.

Ninayempenda zaidi ni mnana. Dume hung'ata ukingo wa jani la mgomba, akaruka huku amelishikilia, na uzi mwembamba ukachanika hadi mwisho. Nyuzi hizo ndizo anazofuma kiota, bila mikono wala cherehani, kwa mdomo na miguu tu. Waama, fundi wa vikapu pale sokoni angeshangaa. Tena kuna kisa kingine: kekeo fulani mdogo mwenye mgongo wa kijani unaong'aa hutaga yai lake katika kiota cha mnana, kisha akaenda zake, na mnana akabaki kumlisha mtoto asiye wake. Bado sijaliona tukio hilo kwa macho yangu, lakini mvua za Aprili zikianza huvilinda viota vile kama askari wa zamu.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Kutazama peke yake ni burudani tu. Mimi nadai kwamba inafaa pia kuandika: tarehe, ndege gani, wangapi. Nina daftari la kurasa 96 kwa kazi hiyo. Wenzangu husema nahesabu upepo. Hebu watazame Uingereza. Kule tangu mwaka 1979 watu hukaa saa moja kila Januari wakihesabu ndege wa bustani zao, na shughuli yenyewe ilianza kama mchezo wa watoto! Kutokana na daftari za watu wa kawaida, si za maprofesa, ilijulikana kwamba idadi ya shomoro inayoonekana huko bustanini imepungua kwa zaidi ya nusu. Shomoro, jamani, ndege ambaye kila mtu alidhani hawezi kwisha.

Huku kwetu jambo lina uzito zaidi. Yuko ndege aitwaye zogoyogo wa Hinde. Ni wa hudhurungi, ana macho mekundu na manyoya yenye mabaka meupe yasiyolingana, hata huwezi kupata wawili waliofanana sawasawa. Hutembea kwa vikundi, wakipiga makelele kama wanafunzi ambao mwalimu hajafika. Ndege huyu hapatikani Tanzania, wala Uganda, wala popote duniani ila Kenya, na makao yake ni sehemu za Meru, Embu, Kirinyaga, Murang'a, Nyeri na Ukambani. Wataalamu wamemweka katika orodha ya ndege walio hatarini. Na anajificha wapi? Katika vichaka vya mabondeni, hasa vya lantana, ile ile tunayoiita magugu na kuifyeka ili tupande mahindi hadi ukingoni mwa mto!

Najua nitaambiwa kwamba ndege haliwi na familia haishibi vichaka. Ni kweli, shamba ni uhai, wala sisemi mtu aache kulima. Ninachouliza ni kwamba kikifyekwa kichaka cha mwisho kando ya Kathita, nani atajua nani alikuwa akiishi humo? Hakuna aliyeandika. Zogoyogo hajafika uani kwetu bado, lakini nikikuambia hayupo, angalau nina kurasa za kuonyesha nimemtafuta asubuhi ngapi.

Wala si lazima daftari libaki chini ya godoro. Upo mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya ambao umeigawa nchi katika miraba ya takribani kilomita 9 kwa 9, na mtu yeyote aweza kupeleka orodha ya ndege aliowaona katika mraba wake. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Je, huu mraba wetu sisi wenyewe tumeuchangia orodha ngapi?

Kwa hivyo naomba chama chetu cha Kiswahili kianzishe daftari moja la ndege, litundikwe kwa uzi karibu na ubao wa matangazo. Kazi hii ni yetu kabisa, maana nusu ya majina niliyoyatumia hapa wenzangu hawayajui. Kwao kila kidogo ni "kandege" na kila kikubwa ni "kunguru". Tukipata jina la Kiswahili tuliandike, na lile la Kimeru liandikwe kando yake baada ya kuwauliza akina nyanya nyumbani, kabla hawajalisahau.

Jirani yetu naye amesema kwamba likizo ijayo atajenga ukuta wa mawe pale palipo na kichaka. Nimemwomba auache upande wa chini, hatua kama kumi hivi. Alicheka sana, kisha akaniuliza wale wenye mikia mirefu wanaitwaje.