Serikali Mbili, Shamba Moja



Wazee husema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewatia fahali wawili katika zizi moja, nayo imewaamuru wakae kwa kushauriana na kusaidiana. Mmoja ni Serikali ya Taifa, wa pili ni Serikali ya Kaunti. Katika kilimo, taifa hutunga sera na kaunti huifanya kazi yenyewe shambani. Katika mazingira, taifa hulinda, na kaunti hutekeleza sera ya taifa ya kutunza udongo, maji na misitu. Hayo ndiyo maandishi. Sisi tunaokula kwa jasho letu twauliza: kila mmoja akimngojea mwenzake, ni nani alalaye njaa?

Tutazame mbolea. Mwaka 2024, wakati wa kupanda, mbolea bandia ilipatikana ndani ya mpango wa mbolea ya bei nafuu, ile iliyouzwa kwa Shs. 2,500 mfuko wa kilo 50. Mpango ule ulikuwa wa Serikali ya Taifa, na kupima ubora wa bidhaa pia ni kazi ya taifa. Lakini bwana shamba, ambaye angeuona mfuko ukifunguliwa, ni mtu wa kaunti tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013. Mfuko una mwenyewe, na bwana shamba ana mwenyewe.

Serikali iliahidi kuwafidia wakulima walionunua mbolea ile. Hiyo ni haki yao, nasi hatuna kinyongo. Lakini je, kibarua wa Moiben, Ziwa na Turbo, alipwaye kwa siku? Mahindi yakidumaa, palizi hupungua. Yasipozaa, hakuna kuvuna wala kupukusa. Gunia lisipojaa, mpakiaji wa lori arudi nyumbani mikono mitupu. Mkulima ana risiti ya kuonyesha. Kibarua ataonyesha nini?

Tutazame msitu. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Taifa ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku hizo 90 ziliongezwa tena na tena, hata Rais William Ruto alipotangaza mwezi wa Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, na hapo tena jambo likafika mahakamani. Miaka zaidi ya mitano! Amri ilitoka Nairobi, lakini mashine za kupasua mbao zilizonyamaza zilikuwa huku kwetu, na waliokosa ujira walikuwa watu wa kaunti.

Asitusingizie mtu kwamba twataka misitu ikatwe ovyo. Mto Sosiani unaopita katikati ya Eldoret hutoka huko juu penye msitu wa Kaptagat, kisha maji yake huingia Nzoia na kwenda hadi Ziwa Viktoria. Msitu ukiisha, maji yatakwisha, na kiwanda kisicho na maji hufunga mlango. Tena mto haujui mpaka wa kaunti, kwa hivyo kaunti moja peke yake haiwezi kuulinda. Ushirikiano wa serikali hizi mbili twautaka kuliko mtu mwingine yeyote. Tunalokataa ni ushirikiano unaomsahau mfanya kazi.

Sheria ya mwaka 2012 iliweka mkutano wa Rais na Magavana wote 47, ukutane angalau mara mbili kila mwaka. Mle ndani mfanya kazi hana kiti. Basi sisi twadai mambo matatu:

1. Kabla ya kila msimu, serikali zote mbili zitangaze pamoja ni nani aletaye mbolea, ni nani aikaguaye hapa Uasin Gishu, na ni nani atakayejibu ikiharibika.

2. Amri yoyote ya kufunga kazi kwa ajili ya mazingira itoke pamoja na mpango wa riziki ya wale watakaosimamishwa.

3. Zinapokutana serikali hizi kujadili kilimo na misitu, vyama vya wafanya kazi viitwe, visikizwe.

Nanyi ndugu, msikae mkingoja kuitwa. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nendeni, hata kama ni siku ya kazi: tumeni wawili watatu kwa niaba ya wengine. Na kila mwakilishi wa kazini aanze leo kuandika katika daftari siku ambazo watu wake walikosa kazi, na sababu yake. Mkulima ana risiti yake. Daftari hilo liwe risiti yetu. Siku ya madai, mtu asiye na maandishi huambiwa anasema uvumi.

Umoja ni nguvu.