Namba ya Usajili Kwanza, Malalamiko Baadaye

“Mtu mwema hana cha kuficha.” Kauli hii niliisikia tena majuzi katika semina moja ya usalama wa mtandao, ikitoka kinywani mwa afisa mwenye cheo kizuri, na ukumbi ukaipokea kwa makofi. Mimi sikupiga. Afisa yule alikuwa amekuja kwa gari lenye vioo vya giza.

Nilikuwa nikimkumbuka binti mmoja wa mwaka wa pili, katika chuo nilichowahi kufundisha, aliyekuja ofisini kwangu na kuketi ukingoni mwa kiti. Mwalimu wake alikuwa akimtaka kimapenzi ili amfaulishe. Chuo kilikuwa na mfumo wa kisasa wa kupokea malalamiko mtandaoni, na mkuu wetu alijivunia sana mfumo huo. Kisanduku cha kwanza cha kujaza kilidai namba ya usajili ya mwanafunzi. Bila namba, fomu haifunguki. Binti akaniuliza: “Mwalimu, haya nikiyaandika, nani anayasoma?” Nilinyamaza, kwa sababu nilijua kwamba mmoja wa wanaoyasoma hula chakula cha mchana meza moja na mtuhumiwa.

Tangu siku hiyo sina subira na wanaohubiri kwamba kujificha mtandaoni ni dalili ya uovu. Wengi wao hata hawajui wanachokilaani. Husema “mtandao wa giza” wakimaanisha kila kisichopatikana kwa kutafuta kwenye Google. Lakini barua pepe yako haipatikani huko, wala salio lako la benki, wala matokeo yako ya mtihani, wala jalada lako la hospitali. Hivyo vyote vimo katika upande wa intaneti uliofichika, na ole wetu vikifichuka. Mtandao wa giza ni kipande kidogo tu cha upande huo, nacho hufikiwa kwa programu maalumu, maarufu zaidi ikiwa Tor.

Tor haikubuniwa na wauza unga. Wazo lake lilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Ombi lako hufungwa kwa tabaka za usimbaji, kama maganda ya kitunguu, kisha hupitishwa kwa kawaida katika kompyuta tatu. Ya kwanza inajua unakotoka, haijui unakokwenda. Ya mwisho inajua kunakokwendwa, haikujui wewe. VPN ni jambo jingine: pale unamkabidhi mwenye kampuni siri zako zote na kumwomba Mungu awe mwaminifu.

Sasa jiulize: kwa nini wanajeshi waliigawa zana hii kwa umma? Si kwa ukarimu. Mtandao unaotumiwa na majasusi peke yao humfichua kila anayeuingia; ukimwona mtu humo, umeshajua ni jasusi. Jasusi anahitaji umati wa watu wa kawaida: mwandishi wa habari, mgonjwa anayesoma kuhusu maradhi yake, mtu anayetafuta tu pa kusoma magazeti. Kutojulikana ni mali ya pamoja. Hakuna awezaye kujificha peke yake.

Ndiyo maana tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania la Oktoba 2023 lilinitia hofu kuliko kelele zote za semina. Watu na kampuni wanaotumia VPN walitakiwa kujisajili, pamoja na kutaja anwani za IP wanazotumia, kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule. Tafakari maana yake. Orodha ya wanaojificha ni umati uliotawanywa, kila mmoja amesimama peke yake na jina lake kifuani. Baadhi yenu mnaonisoma mkiwa katika ofisi za umma mnaijua VPN vizuri sana tangu X ilipofungwa nchini Mei 2025. Sidhani kama mlikwenda kujisajili.

Nisieleweke vibaya. Katika mtandao wa giza kuna uchafu wa kutisha, ikiwemo picha za watoto wanaodhalilishwa, na anayeufanya huo kuwa jambo dogo hana nafasi katika mjadala huu. Lakini wahalifu wakubwa walinaswaje? Silk Road, soko la dawa za kulevya lililoanza mwaka 2011, lilifungwa Oktoba 2013 baada ya wapelelezi kukuta, miongoni mwa mengine, andiko la zamani ambamo Ross Ulbricht alikuwa ameacha anwani ya barua pepe yenye jina lake mwenyewe. Mwendeshaji wa AlphaBay alikamatwa Thailand Julai 2017; naye barua pepe yake binafsi ilikuwa imejitokeza katika ujumbe wa kuwakaribisha wateja. Ni upelelezi wa subira, wa kusoma na kuunganisha. Hakuna aliyehitaji kusajili kila mtumiaji wa Tor duniani.

Kwetu tumeshaujaribu usajili. Tulipanga foleni juani tukabonyeza vidole, hadi ukomo wa Januari 2020, tukiambiwa kwamba matapeli wa simu wamefikia mwisho. Leo asubuhi nimepokea ujumbe: “Ile hela itume kwenye namba hii.” Tapeli ana laini iliyosajiliwa, pengine kwa kidole cha bibi yake. Aliyebaki uchi ni mimi.

Na dola yetu yenyewe inaijua thamani ya siri. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inakiri kwamba anayefichua uovu huhitaji kufichwa. Katiba, katika Ibara ya 16 na ya 18, inalinda faragha na mawasiliano ya raia. Tena kila miaka mitano tunaingizwa mmoja mmoja nyuma ya kizuizi ili tupige kura pasipo mtu kutuona, na hakuna afisa anayesimama mlangoni akisema kwamba mpiga kura mwema hana cha kuficha. Tunajua kwa nini kizuizi kile kipo: kipo kwa ajili ya mnyonge ambaye bosi wake, mume wake au mwenyekiti wake angependa kuchungulia.

Binti yule alinishukuru, akasema atalifikiria. Muhula uliofuata sikumwona darasani. Nilipouliza, wenzake walisema ameahirisha masomo. Mwezi uliopita rafiki anayefundisha pale alinifungulia mfumo ule kwenye simu yake. Umebadilishwa rangi, na sasa una nembo mpya. Kisanduku cha kwanza bado ni kile kile.