Eti Umebadilika

Wakenya tuna tusi moja tunalolitoa kama salamu: "Siku hizi umebadilika." Ukiacha kanisa, umebadilika. Ukihama gengetone ukaanza kusikiza taarabu, umebadilika. Mimi niliacha chuo, na mpaka leo shangazi zangu huuliza yule mtoto wa zamani alienda wapi. Alikua, shangazi. Ni hivyo tu.

Mtazame Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1964, akiwa na miaka 26, alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza, jina kwenye jalada likiwa James Ngugi. Baadaye akalitupa hilo James. Mwishoni mwa 1977 akawekwa kizuizini bila kesi kwa sababu ya tamthilia ya Gĩkũyũ iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Akiwa ndani ya Kamiti akaandika riwaya kwa lugha hiyo hiyo, kwenye karatasi za choo. Angebaki James wa 1964, tungekuwa na mwandishi mzuri, lakini si huyu tunayejivunia.

Na usiniambie eti basi hata mheshimiwa anayehama chama kila uchaguzi naye "amekua". Zii. Kipimo ni rahisi: uliza mabadiliko yamemgharimu nini. Ngũgĩ yalimgharimu uhuru wake. Mheshimiwa yanamlipa.

Kwa hivyo ukinikuta mwaka ujao na imani nyingine, usinililie kama maiti. Niulize nimelipa ngapi.