Msimsingizie mwanamke msomi

Kwenye makongamano ya familia na mabadiliko ya jamii, iwe Dodoma au Arusha, hakosekani wa kusimama na kusema: zamani ndoa zilidumu, leo mwanamke kasoma, ana mshahara wake, ndiyo maana nyumba zinavunjika. Na ukumbi humpigia makofi. Huo ni uongo, tena uongo unaoumiza watu.

Zamani ipi? Wajerumani walipoleta kodi ya kibanda mwaka 1898, wanaume walilazimika kuitafuta fedha mbali na kwao. Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, wakaishia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Chini ya Waingereza biashara hiyo ya manamba ilizidi, hata mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuwasaka na kuwasafirisha vibarua. Mume kaondoka, mke kabaki na jembe, watoto na wakwe. Wapo waliorudi baada ya miaka, wapo waliooa hukohuko, wapo ambao hawakuonekana tena. Ndoa hizo hakuna aliyeziandika kuwa zimevunjika, basi leo tunazihesabu kuwa zilidumu. Mke yule hakuwa amekanyaga darasa. Nyumba yake ilivunjwa na nani?

Pwani nako, talaka na kuolewa mara ya pili au ya tatu si mambo ya juzi. Waulizeni bibi zenu wa Unguja na Lamu.

Hata zile zilizodumu kweli, nyingi zilidumu kwa sababu mke hakuwa na pa kwenda. Akipigwa akirudi kwao, anaambiwa kaka yake ameshaoa kwa ng'ombe wa mahari yake. Watoto ni wa ukoo wa mume. Vumilia, mwanangu. Alipika, alilima, alilea, na siku ya kuachana akaambiwa hajachuma kitu. Ilibidi ifike rufaa ya mwaka 1983 ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ndipo Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Anayeililia zamani hiyo aseme wazi kwamba anaililia hali ya mtu kupigwa na kushindwa kuondoka.

Kinachotenganisha familia leo kinafanana mno na kilichowatenganisha manamba: kazi iko huku, nyumba iko kule. Mwalimu wa kike yuko Geita, mumewe muuguzi yuko Songea, watoto wako kwa bibi. Wanaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, wanajibiwa wasubiri, wanaomba tena. Ndoa ikifa, tunasema elimu imemharibu mke.

Katika makongamano hayohayo huketi wakurugenzi wa halmashauri na maofisa utumishi. Wasimamishwe wao kwanza, waulizwe maombi mangapi ya kumfuata mwenza yamelala kwao, na tangu lini.