Mwali hatembei porini? Nani kasema?



Leo hakuna singo, hakuna udi, hakuna mapishi. Nimekasirika. Niliipa hasira siku tisa ipoe, nikasali, nikapika, nikafua mapazia ya nyumba nzima, bado ipo. Basi niandike.

Binti wa dada yangu kaolewa Unguja, harusi njema, watu walikula wakashiba. Wiki ya pili akaja na mumewe kwangu Kibaha, nilikoolewa mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Jumapili, mimi na baba watoto tukawachukua, tukapita Mbezi na Kinyerezi, tukatokea barabara ya Pugu, tukaenda kutembea kwa miguu kwenye vilima vya Kisarawe. Jioni biharusi akatuma picha moja kwenye kundi la familia. Kavaa dera, mtandio umebanwa kwa pini, raba miguuni, kasimama mbele ya ukuta mweupe wa udongo. Hata uso hauonekani vizuri, alikuwa anacheka kageukia pembeni.

Haikupita nusu saa, shangazi yake akaleta ujumbe wa sauti. Dakika nne! Kiini chake: mwali hatembei porini kama mkata kuni, aliyempeleka kamvunjia heshima, na watu wa upande wa mume watasemaje. Mashoga zangu, upande wa mume ndio ulioshika simu. Mume ndiye aliyepiga hiyo picha.

Sasa sikilizeni. Shangazi huyo huyo ndiye aliyeshikilia tangu siku ya posa kwamba fungate iwe Dubai, na kwamba lazima biharusi apigwe picha jangwani, ndani ya gari linalopanda matuta ya mchanga, buibui likipepea kwa upepo. Kijana wa watu ana kiduka cha vifaa vya simu. Angekopa. Angeanza ndoa yake na deni la picha, na miezi minane ya mwanzo wangeila wakijibishana nani alisema twende. Alhamdulillah kijana alikataa kwa adabu, na mimi nikasema njooni kwangu, chumba kipo.

Yaani jangwa la Dubai ni fungate, korongo la Kisarawe ni uhuni. Mimi nimeitafuta tofauti na nimepata mbili tu: kule unalipa sana, na kule unabebwa. Mwanamke akikaa kitini akapelekwa kuona mchanga, kaheshimika. Akiuona kwa miguu yake, kawa mkata kuni.

Na mkata kuni kafanya nini, hebu? Bibi zetu kuni walizipata wapi? Nendeni Paje na Jambiani maji yakitoka, muwaone mama zetu wa mwani. Tangu kilimo hicho kianze kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Wanatembea masafa kwenye mchanga na mawe, kanga zimerowa, mitandio kichwani, wanarudi na magunia. Hakuna aliyewaambia wamepoteza heshima. Kutembea kwa jasho la kazi ni halali kwa mwanamke maskini, ila kutembea kwa furaha ni aibu kwa biharusi. Nionyesheni aya.

Maana aya ninayoijua mimi inasema vingine. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, tumeamrishwa tutembee katika ardhi tutazame Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Haikusema wanaume peke yao. Na tukitaja majangwa na mabonde makavu, nani wa kwanza kumkumbuka kama si Bi Hajar, radhi za Allah ziwe juu yake? Mama peke yake, ana mtoto mchanga, bonde lisilo na mmea, anapanda Safa, anashuka, anapanda Marwa, mara saba. Leo kila anayehiji, awe mfalme au muuza samaki, anafuata nyayo za mwanamke huyo, na jumla ya mwendo wake inafika kama kilomita tatu. Najua mtaniambia sisi wanawake hatukimbii pale kwenye taa za kijani. Ndiyo, hatukimbii. Lakini tunatembea, na hakuna anayetuwekea gari la kupanda matuta.

Na Bi Aisha je? Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana naye mbio safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda. Baadaye alipoongezeka mwili wakashindana tena, akashindwa, na Mtume akamtania kwamba sasa wamelipana. Mume na mke, nje, wanakimbizana, wanacheka. Hiyo si fungate?

Kuna dada mmoja kaniandikia faragha kuhusu mahramu. Swali zuri, na mimi si mufti. Biharusi wetu alikuwa na mumewe, mimi nilikuwa na wangu, limekwisha. Ila niulize na mimi. Boti la asubuhi kutoka Malindi hujaa wanawake wanaokwenda Kariakoo kununua vitambaa na vyombo vya harusi, wengine wanalala Dar siku mbili. Husikii mtu akiulizia mahramu pale. Ukisema unakwenda kwenye msitu wa Pugu, mahramu anakumbukwa na kila mtu. Kama ni hoja ya dini basi iwe hoja ya dini kotekote, hata kwa mapazia.

Haya, niwaambie kulivyo, maana wengi mnapasemea na hamjapaona.

Si jangwa, nisiwadanganye. Ni msitu wa pwani, Pugu na Kazimzumbwi, uko wilaya ya Kisarawe, unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lakini chini ya msitu ule kuna udongo mweupe wa kaolini, ule unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, na miamba ya vilima vile ni laini. Mvua imechonga vijikorongo, na kwenye machimbo ya zamani kuta zimesimama nyeupe kabisa, zina michirizi ya rangi ya chai ya maziwa. Ukisimama katikati, jua likipiga, macho yanasinyaa kama uko Arabuni. Biharusi alipapasa ule udongo akauliza kama unafaa kwa singo. Nikamwambia ajaribu kwa mumewe kwanza.

Kuna mapango yaliyochimbwa na watu, sasa wenye nyumba ni popo. Magharibi ikikaribia wanatoka, kwanza mmoja mmoja, halafu kama moshi. Tulinyamaza wote wanne. Mimi nina maneno mengi, mnanijua, na nilinyamaza. Na ndani ya msitu ule kuna komba mdogo sana anayetoka usiku, mnyama ambaye yupo katika misitu michache ya pwani ya Tanzania tu, dunia nzima. Sisi hatukumwona, tulikuwa tumeshaondoka. Wakata mkaa wamekaribia kummalizia msitu wake, na mkaa huo ndio tunaopikia pilau la harusi. Hilo nalo lingefaa ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Njia ni nyepesi. Wifi yangu ana magoti mabovu na amewahi kwenda na kurudi bila kulalamika, isipokuwa juu ya siafu.

Lakini nilichokiona zaidi ya popo ni hawa watoto wawili. Siku tatu kwangu sebuleni walikuwa wamekaa kama wageni ofisini, yeye na simu yake, mume na simu yake, "umekula?" "nimekula." Kwenye korongo mume alitangulia, akageuka, akanyoosha mkono, akamvusha. Baadaye yeye ndiye aliyetangulia, mume anaogopa nyoka! Nikawasikia nyuma yangu wanazungumza habari ya baba yake mume aliyefariki, mambo ambayo katika miezi sita ya uchumba hayakuwahi kutajwa. Watu wakitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni, maneno hutoka yenyewe. Dubai wangekuwa kwenye gari na wageni wanne na dereva anayepiga muziki.

Mtaniambia mila. Mwali hukaa ndani. Naijua, na siidharau. Na mimi niliwekwa ndani, nikasingwa, nikafukizwa, somo wangu alinifundisha mambo ambayo mpaka leo yananifaa. Kukaa ndani kuna kupumzika kwake. Lakini kuwekwa ndani kuna siku ya kwisha. Hata hawa Wazaramo, wenyeji wa Kisarawe, ambao mwali wao zamani aliwekwa ndani miezi mingi, wakati mwingine hata miaka, mwisho wake walimtoa wakampeleka kwenye mti wa mkole. Mafunzo yale yalikuwa na mti, na mti uko nje. Sisi tumechukua kule kuficha, tumekuacha kule kutoa, halafu tunashangaa binti kaolewa miaka miwili akipanda ngazi za ghorofa moja anahema.

Kwa wanaotaka kwenda: msiende wenyewe wenyewe, pitieni kwa TFS, lipeni kiingilio, mpate wa kuwaongoza, maana ni msitu na uko karibu na jiji. Epukeni masika, ule udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Dera lisiburure chini, ndani suruali, na mikono mirefu kwa ajili ya wadudu. Kwa mara ya kwanza mavazi yetu ndiyo yanayofaa kuliko ya kina wale wa kaptula. Chukueni maji ya kunywa na chupa nyingine ya udhu. Kanga mbili, moja ya kuswalia. Tuliswali Alasiri chini ya mti, mume wa biharusi akatuongoza, sauti yake nyembamba kwa aibu.

Wenye uwezo na wanaotaka makorongo makubwa zaidi, nendeni Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini. Kule mmomonyoko umeacha nguzo za udongo zimesimama kama minara, na zana za mawe za watu wa kale sana zimeokotwa palepale chini. Ni safari ya kulala, basi pangeni na waume zenu.

Shangazi bado hajazungumza na mimi. Jana lakini kamuuliza biharusi, kwa chini, eti hao popo wanauma? Na raba zile alinunua wapi, zipo za namba 40?