Uhuru Wetu na Maji ya Jirani



Kiangazi kinapofika, mashauri yanayoletwa mbele ya kamati zetu za Haki na Amani huku mlimani hubadilika sura. Wakati wa masika watu hutujia na habari za mipaka, za mirathi na za ndoa. Wakati wa kiangazi hutujia na shauri moja tu, nalo ni maji. Huja mama ambaye bustani yake ya nyanya imekauka. Huja mzee wa mfereji aliyetukanwa na kijana aliye sawa na mjukuu wake. Na mara nyingine huletwa watu wawili walioumizana kwa majembe usiku, wote wabatizwa, wote wa jumuiya ndogo ndogo moja.

Shauri mojawapo tumelifikiria kwa muda mrefu, na ndilo lililotusukuma kuandika maneno haya. Mkulima mmoja wa upande wa juu, mtu wa bidii, anayesomesha watoto wake bila kumsumbua mtu, alikodi mashamba mawili ya majirani akalima njegere na maharage machanga. Akanunua na mashine ya kuvutia maji. Zamu yake ya mfereji ilipokwisha hakufunga banio. Usiku wa tatu watu wa chini walipanda na tochi, wakakuta mfereji mtupu na mashine inaunguruma gizani. Alipoitwa kikaoni alijibu kwa utulivu kabisa: shamba analilima kwa haki, mashine aliinunua kwa jasho lake, na zile siku za mtu kupangiwa maisha yake zimekwisha, nchi ni huru na kila mtu ajitafutie. Watu wa chini nao wakasimama. Maji ni mali ya wote, walisema, kwa hiyo kijiji kimnyang'anye mashine, na asiporidhika ahame.

Tulirudi kutoka kikao kile tumenyamaza. Kauli zile mbili si ngeni katika nchi yetu, na kila moja imekwisha kutuumiza kwa zamu yake.

Tuanze na ile ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye sura ya utakatifu. Neno "manufaa ya wote" ni neno zuri, lakini historia ya mlima huu inatufundisha kuuliza kila mara ni nani analitamka, na anamtamkia nani. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili ardhi yao igawiwe walowezi wachache wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Walioamuru jambo hilo hawakusema kwamba wanaiba. Walisema ni mpango wa maendeleo, kwamba ardhi itatumika vizuri zaidi, kwamba uchumi wa nchi nzima utafaidika, na kwamba waliohamishwa watapewa mahali pengine. Manufaa ya wote yalitajwa, ila wale waliolala nje usiku ule hawakuhesabiwa miongoni mwa hao wote.

Nao Wameru walifanya nini? Walichanga fedha, senti kwa senti, wakamtuma mmoja wao, Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, hadi New York mwaka 1952, akaeleza shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi yao mwaka ule. Lakini ulimwengu ulisikia, na watu wa Tanganyika walijifunza kwamba mtawaliwa aweza kusimama akasema. Tunapenda kumtazama Kirilo kwa jicho hili: alikuwa mtu mmoja, mwenye uhuru wa kukaa nyumbani kwake akalinda mambo yake, akautumia uhuru huo kubeba mzigo wa watu elfu tatu.

Baada ya kujitawala hatukuwa salama na neno hilo pia. Mwaka 1967 Azimio lilitangazwa katika mji huu wa Arusha, na wengi wetu tuliolelewa chini ya kivuli chake hatuwezi kulidharau. Lilitufundisha kwamba ni aibu kushiba peke yako. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliandika juu ya uhuru na maendeleo, akavifananisha na kuku na yai, kwamba kimoja hakipatikani bila kingine. Lakini mwaka 1973 kuhamia vijijini kulifanywa amri, na kabla ya mwaka 1976 kwisha mamilioni ya Watanzania walikuwa wamehamishwa, wengine kwa kushawishiwa, wengine kwa malori na kwa kubomolewa nyumba. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu aliyekwisha kulala. Tunayaandika kwa sababu wale vijana waliosimama kikaoni wakidai mashine ya jirani yao inyang'anywe kwa jina la wote walizaliwa baada ya hayo kupita, na hawaoni hatari iliyo katika maneno yao.

Lakini ile kauli ya kwanza nayo! Tangu milango ya soko huria ilipofunguliwa, na hasa tangu mwaka 1991 masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio yalipolegezwa huko Zanzibar, tumezoea kusikia neno uhuru likitamkwa kana kwamba maana yake ni kutoulizwa. Ukimuuliza mtu kwa nini anajenga juu ya mkondo wa maji, yuko huru. Ukimuuliza kwa nini anatupa taka katika mto Themi, yuko huru, na tena mtoni hapana mwenyewe. Ukiuliza kwa nini muziki unapigwa mpaka alfajiri karibu na nyumba yenye mgonjwa, jibu ni lile lile. (Na tukiri kwamba vipaza sauti vya makanisa, vyetu vikiwamo, havina usafi mkubwa katika jambo hili.) Uhuru wa namna hii ni swali lile la Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake. Kaini hakukana kwamba ana ndugu. Alikana tu kwamba anahusika.

Wasomaji wetu wa mjini wasidhani kwamba habari za mifereji ni za watu wa migombani tu. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mvua zake nyingi huangukia upande wa kusini na mashariki. Kutoka huko hushuka Themi, inayopita katikati ya jiji, na Nduruma, na Usa, na Maji ya Chai, na mito mingine midogo, ambayo sehemu kubwa huungana na Kikuletwa, ikaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na hatimaye, kwa jina la Pangani, ikafika baharini. Anayefunga au kufungua banio huku juu anagusa maisha ya watu asiowajua kwa sura wala kwa lugha. Mji wa Arusha ulikuwa na watu wapatao 32,000 mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 617,000. Mlima ni ule ule. Kahawa nayo, iliyokuwa zao la wazazi wetu, ilipoporomoka bei, wengi waliing'oa wakapanda mboga, na mboga hazivumilii kiu kama mbuni. Kwa hiyo ugomvi wa mfereji hautokani na uovu wa mioyo peke yake. Watu wameongezeka, kazi imebadilika, maji hayakuongezeka.

Wazee wa mlima huu, Wameru kwa Waarusha, walichimba mifereji hiyo kwa majembe ya mkono, wakayapitisha maji kwenye mabega ya vilima kwa ustadi unaowashangaza wahandisi hata leo. Ustadi mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, ulikuwa katika zamu. Mfereji ulikuwa wa wote. Shamba lilikuwa la mwenyewe. Na kati ya vitu hivyo viwili palikuwa na saa, siku na neno la heshima. Asiyekuja kufyeka na kuzibua mfereji siku ya kazi hakupewa maji. Aliyeiba maji alitozwa, mbuzi au pombe, na faini hiyo iliwakutanisha tena na wale aliowakosea. Hakuna aliyelindwa na askari saa nane za usiku. Mtu aliamka mwenyewe, akachukua jembe lake, akateremka kwenye umande, akafunga maji yake ili yafike kwa jirani aliyelala.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji akae nasi kidogo. Sheria tunazo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 imeweka wazi kwamba maji ni ya umma na kwamba lazima yaombewe kibali. Ni sheria njema, na tunawasihi watendaji wazisimamie bila kumwogopa mwenye nacho. Walakini serikali haiwezi kuweka mlinzi kwenye kila banio. Na kama ingeweza, tungekuwa tumegeuza kijiji kuwa gereza ili tupate nyanya. Soko nalo halifungi banio usiku, kwa kuwa soko huamka asubuhi kununua kutoka kwa yule mwenye mboga mbichi. Anayebaki ni mtu. Yeye na dhamiri yake na jembe lake.

Mafundisho ya Kanisa hayakuchoka kusema hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikubali kwamba mtu amiliki mali yake, lakini alifundisha kuwa katika kuitumia asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliyaeleza manufaa ya wote kuwa ni jumla ya hali zile za maisha zinazomwezesha kila mtu, na kila kundi, kuufikia ukamilifu wake. Kwa hiyo manufaa yanayomsaga mtu mmoja ili kundi lineemeke hayastahili kuitwa kwa jina hilo. Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1987 alituonya tusiuchanganye mshikamano na huruma ya kupita, kwa kuwa mshikamano ni nia thabiti ya kuwajibika kwa ajili ya wote. Na Papa Fransisko, mwaka 2015, katika Laudato Si', aliyahesabu maji salama kuwa haki ya msingi ya mwanadamu. Mtume Paulo alikuwa amekwisha kuwaandikia Wagalatia kwamba uhuru walioitiwa ni kwa ajili ya kutumikiana.

Tusiwasahau watu wa chini. Mwenye kiu husikilizwa kwa upendeleo, na ndivyo inavyopasa, lakini katika shauri lile ilidhihirika kwamba zaidi ya nusu ya waliolalamika hawakuonekana siku ya kuzibua mfereji. Wengine walituma watoto. Wengine walikuwa mjini kwenye biashara zao wakaahidi kulipa, wasilipe. Anayedai haki ya maji huku akimwachia jirani kazi ya matope amekosea kosa lile lile la mwenye mashine, ila yeye analifanya akiwa mnyonge, na kwa hiyo halionekani haraka.

Kikao hakikumnyang'anya mtu yule mashine. Mzee mmoja, ambaye kwa muda mrefu alikuwa amekaa kimya akichezea fimbo yake, alitoa shauri ambalo hakuna kati yetu sisi wasomi aliyelifikiria: mwenye mashine apewe yeye ufunguo wa banio kwa miezi mitatu, awe ndiye mwenye kugawa zamu za wote, na jina lake litajwe kila maji yanapochelewa. Watu walicheka. Yeye hakucheka, aliomba siku moja ya kufikiri, kisha akaupokea ufunguo. Mwezi wa kwanza umepita. Watu wa chini wanasema maji yamefika, isipokuwa usiku mmoja yalichelewa kwa saa mbili, na asubuhi yake alishuka mwenyewe kueleza sababu.

Kabla hatujaweka kalamu chini, liko jambo lililo juu ya shingo yetu wenyewe. Katika kikao hicho hicho mama mmoja alisimama akauliza, kwa adabu, juu ya bomba la taasisi moja ya Kanisa iliyoko juu ya mfereji ule, ambalo hunywesha bustani na maua siku zote saba bila kuwa katika orodha ya zamu. Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kuangalia, ni kweli. Bomba liliwekwa miaka mingi iliyopita, wakati maji yalipokuwa tele, na hakuna aliyewahi kuuliza. Tumewaomba wahusika waliingize bomba hilo katika zamu, usiku wa Jumanne na asubuhi ya Ijumaa, kama familia nyingine yoyote, na watoe watu wa kufyeka mfereji siku ya kazi. Wamekubali la zamu. La kufyeka bado wanalizungumza. Siku ya kazi ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, kwenye banio la juu, na wajumbe wa Tume hii watakuwapo na majembe yao.